Neno ambalo Richard Pryor aliliacha Kenya

Wahenga walinena kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Sisi tunaofanya kazi ya kuichunguza lugha tumeusikia msemo huo mara nyingi, na aghalabu tunaupokea kwa shaka. Mfupa huvunjika ukaunga, ilhali neno la dharau likishamwingia mtoto hukua pamoja naye. Leo nataka tuyatazame maisha ya mtu aliyelibeba neno la namna hiyo kwa miaka mingi, akalifanyia mzaha, likamletea sifa na fedha, kisha akalitua katika nchi yetu hii mnamo mwaka 1979. Mtu huyo ni Richard Pryor, mcheshi mweusi wa Marekani. Neno lenyewe ni lile tusi ambalo wazungu wa huko waliwaitia watumwa, na baada ya watumwa, wajukuu wao. Sitaliandika hapa. Msomaji analijua, na sababu ya kutoliandika ataiona mbele ya safari.

Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Nyanyake, Marie, alikuwa mwenye danguro, na humo ndimo mtoto alimolelewa. Mamake alikuwa miongoni mwa wanawake waliofanya kazi humo, naye aliondoka Richard akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Shuleni hakudumu. Alifukuzwa akiwa na miaka 14.

Lau si mwalimu mmoja, Bi. Juliette Whittaker, huenda jina lake lisingalisikika. Bibi huyu alikuwa akiongoza michezo ya kuigiza katika kituo cha vijana cha Carver mjini humo. Alimwona kijana mwembamba asiyetulia, akampa nafasi jukwaani badala ya kumfukuza kama wengine. Pryor hakuusahau wema huo. Alipotuzwa Emmy mwaka 1974 kwa uandishi wa kipindi cha televisheni, alimpa Bi. Whittaker tuzo hiyo. Walimu wenzangu mnaodhani kwamba mwanafunzi mtundu hana kumbukumbu, lizingatieni hilo.

Mwaka 1958 alijiunga na jeshi, akapelekwa Ujerumani Magharibi. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni ufunguo wa maisha yake yote. Wanajeshi walikuwa wakitazama filamu iitwayo Imitation of Life, iliyosimulia masaibu ya msichana wa asili nyeusi aliyejifanya mzungu. Mwanajeshi mmoja mzungu akacheka mno pale ambapo watu weusi hawakuona cha kuchekesha. Pryor na wenzake kadhaa weusi walimvamia wakampiga, naye akachomwa kisu, ingawa hakufa. Muda wake mwingi jeshini Pryor aliumaliza gerezani. Kijana huyu, basi, alijua mapema kwamba kicheko kina mwenyewe, na kwamba watu wawili wanaweza kucheka mbele ya picha moja, mmoja akicheka kwa kufarijika na mwingine kwa kudharau.

Baada ya jeshi alifanya uchekeshaji katika vilabu, na mwaka 1963 akahamia New York. Wakati huo aliiga mtindo wa Bill Cosby: mzaha safi usiomkwaruza mtu. Fedha zilikuja, lakini nafsi haikutulia. Mwaka 1967, katika hoteli ya Aladdin jijini Las Vegas, alisimama mbele ya hadhira, akajiuliza anafanya nini pale, kisha akashuka jukwaani na kwenda zake. Baadaye aliishi kwa muda Berkeley, California, akisoma hotuba za Malcolm X na kuchangamana na waandishi weusi. Alirudi jukwaani akiwa mtu mwingine. Sasa aliongea lugha ya Peoria, ya danguro na ya vijiwe vya walevi, na ndani ya lugha hiyo lile tusi lilikuwa kama chumvi. Santuri yake iliyompatia tuzo ya Grammy ilitoka mwaka 1974 ikiwa na tusi hilo katika jina lake. Aliamini kwamba neno likisemwa mara nyingi na yule lililokusudiwa kumwumiza, makali yake yataisha, kama kisu kinachonolewa kwenye jiwe baya.

Mwaka huohuo ndipo ilipotoka filamu ambayo wengi huikumbuka bila kujua kwamba Pryor alikuwemo. Blazing Saddles ni filamu ya vichekesho iliyotungwa kuzidhihaki filamu za kauboi. Mwelekezi wake, Mel Brooks, Myahudi wa Brooklyn, alimwita Pryor awe mmoja wa waandishi watano wa mswada, na alitaka pia aigize mhusika mkuu. Kampuni ya Warner Bros. ilikataa, ikihofia sifa yake ya matumizi ya dawa za kulevya. Nafasi hiyo alipewa Cleavon Little, mwigizaji hodari wa jukwaani aliyefariki mwaka 1992. Hivyo mtu aliyesaidia kuijenga nyumba hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.

Kisa kimewekwa mwaka 1874. Reli inajengwa kuelekea magharibi, na mwanasheria mkuu wa jimbo anaitamani ardhi ya mji mdogo wa Rock Ridge ambako njia itapita. Ili wenyeji wakimbie, anawateulia mkuu wa usalama mweusi, Bart, mfanyakazi wa reli aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Anapowasili, wenyeji wanamwelekezea bunduki. Bart anajielekezea bastola yake mwenyewe kichwani, anajifanya mtekaji na mtekwa kwa pamoja: kwa sauti moja anatisha, kwa sauti nyingine analia kama mtumwa wanayemtarajia. Wenyeji wanaingiwa na huruma na kushusha silaha. Mwanaisimu hawezi kuitazama sehemu hiyo bila kustaajabu. Bart ameijua lugha ambayo dharau yao inaielewa, akaitumia kuiokoa roho yake.

Gerezani anamkuta Jim, mpigaji bastola mashuhuri wa zamani ambaye sasa amezama katika ulevi. Mweusi anayechukiwa na mzungu aliyejidharau wanakuwa marafiki. Wanawaita wafanyakazi wa reli, weusi, Wachina na Waairishi, wajenge mji wa bandia kwa usiku mmoja ili kuwahadaa majambazi. Ujira wanaoudai ni ardhi. Wenyeji wako tayari kuwapokea wengine lakini si Waairishi, mpaka wanapobanwa wawapokee wote. Hapo ndipo penye kiini cha filamu. Ushirika wa watu wasiotarajiwa hauletwi na mapenzi ya ghafla, bali na haja, na hata katikati ya haja watu hutafuta nani wa kumwacha nje.

Tusi lile linasikika katika filamu hiyo mara nyingi. Brooks amesimulia kwamba yeye alisita kulitumia, na Pryor ndiye aliyemhakikishia kwamba inafaa. Hesabu yao ilikuwa wazi: wanaolitamka hasa ni wapumbavu na waovu, kwa hiyo aibu imrudie msemaji. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Lakini mwandishi haketi kando ya kila mtazamaji. Hajui ni nani anayemcheka mpumbavu aliyelitamka, na ni nani anayecheka pamoja naye. Pryor, aliyekwenda gerezani kwa sababu ya kicheko cha mwanajeshi mmoja, alipaswa kulijua hilo kuliko wote.

Mwaka 1979 alisafiri hadi Kenya. Siku moja, ameketi katika ukumbi wa hoteli, aliwatazama watu waliokuwa wakipita. Weusi wa kila namna, wakifanya kazi za kila namna. Alijiuliza kama anawaona watu wa lile jina alilolizoea, akajijibu kwamba hawaoni. Kisha akagundua kwamba majuma matatu yalikuwa yamepita bila yeye kulitamka, kwa kuwa hapakuwa na aliyemfaa kuitwa hivyo. Aliamua kutolitumia tena, na uamuzi huo aliusimulia hadharani katika filamu ya maonyesho yake ya mwaka 1982.

Tusijisifu upesi. Kenya aliyoiona ilikuwa na miaka 16 tu tangu uhuru, na wazee wetu waliishi chini ya ubaguzi wa rangi uliowaita watu wazima watoto. Wala hatukukosa majina yetu ya kudharauliana baina ya kabila na kabila. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, ikaharamisha matamshi ya chuki. Hadi hapo tulikuwa tumejifunza kwamba majina tuliyoyaita mzaha yaliweza kutangulia panga.

Maisha ya Pryor hayakunyooka baada ya safari hiyo. Mnamo Juni 1980 aliungua vibaya nusu ya mwili katika mkasa uliotokana na kokeini. Mwaka 1986 madaktari walimgundua na maradhi ya mishipa ya fahamu ambayo yalimnyang'anya nguvu za viungo na hatimaye za kunena. Urafiki na Gene Wilder, aliyeigiza Jim, uliwaweka pamoja katika filamu nne, kuanzia Silver Streak ya mwaka 1976 hadi Another You ya mwaka 1991, kana kwamba ule ushirika alionyimwa katika Rock Ridge ulimrudia kwa njia nyingine. Mwaka 1998 alikuwa wa kwanza kutunukiwa tuzo ya ucheshi ya Mark Twain. Alifariki tarehe 10 Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka uliofuata, Blazing Saddles iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani.

Wapo watakaosema kwamba Pryor alibadilika kwa sababu alikuwa ameshatajirika. Sikubaliani nao. Tusi lile lilikuwa sehemu ya mtaji wake, na mfanyabiashara haachi bidhaa inayouzika bila kuwa na sababu. Alikiri, mbele ya watu waliomlipa, kwamba nadharia yake ilikuwa na kasoro: neno halifi kwa kurudiwarudiwa. Alilitua alipofika mahali ambapo halikuwa na wa kumtaja.

Darasa linaweza kuwa mahali pa namna hiyo. Mwanafunzi anapoitwa jina la kabila lake, la umaskini wao au la matamshi yake, na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu asimtazame mchekeshaji peke yake. Amtazame pia yule anayecheka ili asionekane ameumia.