Maisha ya Dr. George Papanicolaou

Wenzangu, wengi wetu tumesoma habari za Pasteur na Jenner, lakini Dr. Papanicolaou ni wachache wamjuao. Mimi nami sikumjua mpaka shangazi yangu alipofariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, ndipo nilipoanza kutafuta habari za ugonjwa huo.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi, Ugiriki. Baba yake alikuwa daktari. Naye alisoma udaktari Athens, kisha akaenda Munich, Ujerumani, kuongeza elimu. Mwaka 1913 yeye na mkewe, Mary, walihamia Marekani wakiwa na fedha kidogo. Mke alishona vifungo, na mume, daktari mzima, akauza mazulia dukani. Mwaka 1914 alipata kazi katika chuo cha udaktari cha Cornell, New York.

Huko alichunguza simbilisi, wanyama wadogo mfano wa panya wasio na mkia. Alichukua majimaji ya njia yao ya uzazi, akayapaka juu ya kioo na kuyatazama kwa hadubini. Baadaye akafanya vivyo hivyo kwa wanawake, na mkewe alijitolea kupimwa kwa miaka mingi. Katika kazi hiyo akagundua seli za saratani. Aliwaeleza madaktari wenzake mwaka 1928, lakini wengi hawakumjali. Hata mwaka 1941, yeye na Dr. Herbert Traut walipoandika tena habari hizo, ndipo aliposikilizwa. Alifariki mwaka 1962.

Ugonjwa huu hauji ghafula. Seli hubadilika polepole kwa miaka mingi, na mwanamke hasikii maumivu yo yote. Kipimo huziona mapema, nazo huweza kuondolewa kabla hazijawa saratani. Siku hizi kuna pia kipimo cha virusi vya HPV, viletavyo ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wafikapo miaka 30, na wale wenye virusi vya UKIMWI miaka 25.

Shangazi alingoja mpaka aumwe, kwani alidhani hospitali ni ya wagonjwa tu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo hiki huuonyesha ufa ungali mdogo. Basi likizo hii nitamweleza mama yangu habari hizi, nanyi nawasihi mfanye hivyo kwenu.