Mama Katharina von Bora (1499–1552): Mzazi, Mlezi na Mpenda Shamba

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja hakikamiliki kwa kuwataja wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa peke yao. Mama ambaye habari zake zafuata hakupanda mimbarani kuhubiri, wala hakuiona nchi yetu. Lakini inaaminika kwamba alizaliwa Lippendorf, kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Leipzig, na ni misioni ya mji huohuo iliyoleta wajumbe wake Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu.

Katharina alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika ukoo wenye jina kubwa na mali kidogo. Mama yake alifariki mapema, na baba akampeleka kwa watawa wa Brehna akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Baadaye alihamishiwa katika nyumba ya watawa ya Nimbschen, karibu na Grimma, alikokuwako shangazi yake Magdalena. Huko alijifunza kusoma, kuandika na Kilatini kiasi, elimu ambayo wasichana wengi wa nyakati zile hawakuionja. Mwaka 1515 aliweka nadhiri ya utawa.

Maandiko ya Dakta Martin Luther yalipopenya ndani ya kuta zile, watawa kadhaa waliona kwamba nadhiri waliyofungwa tangu utoto haiwapatii wokovu. Waliwaomba ndugu zao wawatoe, wasisaidiwe. Ndipo Luther alipomwendea Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau, ambaye alizoea kuipelekea nyumba hiyo samaki wa chumvi. Usiku wa mkesha wa Pasaka mwaka 1523 Koppe aliwatorosha watawa kumi na wawili kwa gari lake la farasi. Kumtorosha mtawa lilikuwa kosa lililoweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Tisa kati yao, Katharina akiwamo, walifika Wittenberg wakiwa hawana kitu isipokuwa nguo walizovaa.

Wenzake wakaolewa au kupata kazi. Magdalena von Staupitz, mmoja wa waliotoroka naye, alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana huko Grimma. Katharina alibaki katika nyumba za watu, mwishowe kwa mchoraji Lucas Cranach. Kijana mmoja wa Nuremberg, Hieronymus Baumgartner, alimpenda, lakini hakurudi tena kumwoa. Alipotafutiwa mchungaji mzee, Kaspar Glatz, alikataa waziwazi, akasema yuko tayari kuolewa na Nikolaus von Amsdorf au na Luther mwenyewe. Mwanamke asiye na mahari wala mtetezi kusema hivyo haikuwa jambo dogo! Tarehe 13 Juni 1525 walifunga ndoa, yeye akiwa na miaka 26 na Luther 41.

Walikaa katika nyumba ya zamani ya watawa wa Kiagustino, jengo kubwa lililochakaa. Luther hakujua kutunza fedha, na alichokuwa nacho aligawa. Mzigo wote ulimwangukia mkewe. Aliamka alfajiri, saa kumi, hata mumewe akamtania kwa jina la nyota ya asubuhi. Aliwapangisha wanafunzi wa chuo kikuu kwa malipo, akafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, akatengeneza pombe ya shayiri (wageni wetu wasikunje nyuso, kwa maana ndicho kilichokuwa kinywaji cha kila siku mezani pao).

Zaidi ya yote alipenda ardhi. Alikuwa na bustani za mboga na miti ya matunda, na katika mojawapo palikuwa na bwawa alilolivua mwenyewe samaki wa namna nyingi. Mwaka 1540 familia ilinunua kwa gulden 610 shamba la Zülsdorf, lililokuwa mali ya ukoo wake, karibu na kijiji alichozaliwa. Lilikuwa mwendo wa siku mbili kutoka Wittenberg, naye hukaa huko majuma kadhaa akisimamia kilimo. Yeyote aliyelelewa kihambani atamwelewa pasipo maelezo.

Alizaa watoto sita: Hans, Elisabeth, Magdalena, Martin, Paul na Margarete. Elisabeth alikufa kabla ya kutimiza mwaka, na Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Zaidi ya hao alilea yatima wa ndugu. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, naye akiwa mja mzito, nyumba yake iligeuka hospitali. Darasani hakufundisha, lakini nyumba hiyo ilikuwa shule, na mezani alikuwa na sauti yake mbele ya wasomi. Mwaka 1535 Luther alimwahidi gulden 50 akimaliza kuisoma Biblia yote kabla ya Pasaka, naye akaisoma kwa bidii.

Jambo zito lilikuja mwishoni. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia wa kumfanya mkewe mrithi na mlezi wa watoto wao. Sheria ya Saksonia haikukubali hivyo. Mjane alipaswa kuwa chini ya wasimamizi wanaume. Luther hakuwapenda wanasheria, akaandika bila kufuata taratibu zao. Alipofariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, wosia ukatiliwa mashaka. Gregor Brück, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa mtawala, alitaka wana watengwe na mama yao na matumizi yapunguzwe. Mtawala aliuthibitisha wosia, lakini wasimamizi wakawekwa. Katharina hakunyamaza. Aliwang'ang'ania watoto, na pamoja nao shamba. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo ukubwa wake unapoonekana, kuliko hata usiku ule wa Nimbschen. Kwa maana usiku ule alikuwa na wenzake, na sasa alisimama peke yake. Wajane wanaosoma ukurasa huu wanajua ni vita ya namna gani.

Vita halisi ikafuata. Alikimbilia Magdeburg mwaka 1546, na mwaka 1547 akafika hadi Braunschweig akitaka kuvuka kwenda Denmark. Aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imekwisha. Alikopa, akapokea tena wapangaji, akamwandikia mfalme wa Denmark kuomba msaada.

Mwaka 1552 tauni ilirudi, akaondoka na watoto kwenda Torgau. Njiani farasi walishtuka wakakimbia ovyo; akiwa katika kuliokoa gari, aliangukia mtaro wenye maji baridi. Aliugua karibu miezi mitatu, akafariki tarehe 20 Desemba 1552, mwenye miaka 53. Barua alizomwandikia mumewe zilipotea zote, bali za mumewe kwake zilihifadhiwa nyingi. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria huko Torgau, na jiwe la kaburi lake lingali humo, likimwonyesha ameshika kitabu kilichofunguliwa.