Maisha ya Kurt Hahn, Mwalimu Aliyewapeleka Vijana Baharini na Mlimani



Katika gazeti letu hili dogo tumezoea kusoma maisha ya watu waliofanya kazi kubwa. Safari hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua Kurt Hahn. Si mtu wa Maniema, wala hakuwa mweusi. Lakini tulipojifunza habari zake tuliona ya kwamba swali lake ni swali letu pia: mtu aliyepigwa na taabu atasimama tena namna gani?

Kurt Hahn alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 5 Juni 1886, katika jamaa ya Wayahudi wenye mali. Alipofika miaka 18, yaani miaka ya wengi wetu wa mwaka wa sita, jua kali lilimpiga na akagonjwa sana. Ilibidi akae muda mrefu ndani ya chumba chenye giza. Tangu hapo mwili wake haukuweza tena kuvumilia jua. Wakati wa joto alikuwa anakwenda Scotland, kaskazini ya Uingereza, sababu kule kuko baridi. Basi, huyu aliyewafundisha wengine kupanda milima alikuwa yeye mwenyewe mtu aliyeumia. Tusisahau jambo hilo.

Alisoma Oxford, Uingereza. Vita vya 1914 vilipoanza alirudi kwao. Mwisho wa vita alikuwa mwandishi wa Mwana-mfalme Max wa Baden, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani kwa muda mfupi katika mwaka 1918. Nchi yao ilikuwa imeshindwa, watu wana njaa na uchungu. Hawa wawili waliwaza: tukiwaacha watoto wakue na uchungu huu, watakuwa watu gani? Kwa hiyo mwaka 1920 walifungua shule ya Salem, kusini ya Ujerumani.

Kule Salem masomo ya daftari yalikuwako, lakini hayakuwa yote. Asubuhi wanafunzi walikimbia mbio, walioga maji ya baridi, walifanya kazi ya mikono, walitembea safari ndefu. Tena walijifunza kusaidia watu, hata kuzima moto. Hahn aliamini ya kwamba kijana hajui nguvu zake mpaka amewekwa fasi ya kuzitumia.

Halafu Hitler akatokea. Mwezi wa Agosti 1932, watu wa chama chake walimwua mfanyakazi mmoja mbele ya mama yake katika kijiji cha Potempa, naye Hitler akawatetea wauaji. Hahn hakunyamaza. Aliwaandikia wote waliosoma Salem kwamba wachague: ama Salem, ama Hitler, hakuna njia ya katikati. Mwezi wa Machi 1933 alifungwa. Rafiki zake wa Uingereza, pamoja na waziri mkuu Ramsay MacDonald, walimwombea, akaachiliwa. Mwaka huohuo alikimbilia Uingereza. Aliacha shule yake, nyumba yake, na nchi yake.

Wandugu, wako wengi kati yetu wanaojua maana ya kukimbia. Wazazi wetu walikimbia pori katika vita vya 1996 hadi 2003. Tena wako wenzetu walioacha vijiji vya Kabambare si zamani, sababu ya bunduki, na leo wamekaa nasi kwenye benchi moja. Kwa hiyo tunaelewa huyu mzee wa miaka 47 aliyeanza upya katika nchi ya wageni.

Alianza kweli. Mwaka 1934 alifungua shule ya Gordonstoun, ku Scotland, karibu na bahari. Wanafunzi wake walilinda pwani, kusudi waokoe watu chombo kikipata hatari.

Vita vya pili vilipokuja, meli nyingi za Uingereza zilizamishwa katika bahari ya Atlantiki. Mwenye meli mmoja, Lawrence Holt, aliona jambo la ajabu. Ndani ya mashua za kuokolea, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wanakufa mbele ya wazee. Kumbe wazee walikuwa wameshapita dhoruba nyingi na walijua ya kwamba taabu ina mwisho. Vijana hawakuwa na imani hiyo, waliregea upesi. Mwaka 1941 Holt na Hahn walifungua shule katika mji wa Aberdovey, Wales. Waliiita Outward Bound, maana yake chombo kinachotoka bandarini kwenda bahari kubwa. Kijana alikaa karibu mwezi mmoja tu: kuendesha mashua, kupanda milima, kuokoa watu.

Baada ya vita kazi hiyo ilienea ulimwenguni. Katika miaka ya 1950 ilifika Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na vijana waliupanda. Na huko Marekani, katika miaka ya 1980, askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam na majeraha ya moyo walipelekwa milimani pamoja, wapate kutembea, kusaidiana na kulala salama.

Hahn mwenyewe aliingia katika Ukristo mwaka 1945. Alirudi Ujerumani kusaidia Salem isimame tena. Mwaka 1962 alisaidia kufungua chuo ku Wales ambamo vijana wa mataifa waliopigana jana wanasoma pamoja leo. Alikufa tarehe 14 Desemba 1974, na miaka 88.

Sasa tuseme ukweli. Tulipozungumza habari hizi bwenini, mwenzetu mmoja aliyetoka upande wa Kabambare alicheka. Alituuliza kama ni lazima yeye atembee tena pori ili apone, maana ametembea siku nne na mdogo wake mgongoni. Tulinyamaza wote. Ana haki. Safari ya kuchagua si sawa na safari ya kukimbizwa. Mchuuzi anayesukuma baiskeli kutoka Kasongo mpaka Kabambare hahitaji mtu wa kumfundisha kuvumilia.

Lakini tuliporudia maisha ya Hahn tuliona jambo tulilolipita. Hakuwapeleka vijana wateseke tu. Aliwapa kazi ya kuokoa mwingine. Aliyeumia hataki kuhurumiwa kila siku. Anataka aonekane ni mtu wa lazima. Wale wenzetu sisi tumewapa chakula na nguo, ni vizuri, lakini hatujawaomba kitu hata kimoja. Hapo ndipo tumekosa.

Kwa hiyo tunatoa shauri hili. Jumamosi ya matembezi, wale waliotufikia karibuni wasifuate nyuma kama wageni. Wanaojua mito na watuongoze. Wanaojua majani ya dawa na watuonyeshe. Wakati wa kurudi, tupite pamoja kwa wajane wazee, tuwachotee maji na kuwapasulia kuni. Asiyetaka kutembea asilazimishwe, naye atafutiwe kazi nyingine ya heshima.

Yule mwenzetu amekwisha kukubali kutangulia. Wengine walete majina kwa kapita wa darasa lao mbele ya Ijumaa.

Mungu awabariki.

Kapita wa shule, mwaka wa sita