Mlezi wa Wana wa Mombasa: Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947)

Siku hizi ni nadra kufanyika kongamano la malezi nchini Kenya pasipo kuulizwa mtoto wa kiume ameachwa wapi. Wengi hulichukulia swali hili kuwa zao la zama zetu. Mombasa ililiuliza katika miaka ya 1930, na aliyeliuliza kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Makala haya yanadhamiria kuyapitia maisha yake kwa ufupi.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, ukoo uliotawala mji huo hadi mwaka 1837 ulipopokonywa madaraka na Sayyid Said bin Sultan. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa pwani. Alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado hajajua kushika kalamu. Mwaka uliofuata Waingereza walitangaza himaya yao, na Mbarak bin Rashid Mazrui akainua silaha dhidi yao, akashindwa mwaka 1896. Basi mtoto huyu alikulia yatima katika ukoo uliokwisha kuanguka.

Hakuachwa apotee. Jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alimchukua, akamlea na kumsomesha. Baadaye alikwenda Unguja kuchota elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, wanazuoni waliokuwa na sifa pwani nzima. Aidha, alisoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, waliohimiza Waislamu waishike dini yao bila kuikimbia elimu ya kisasa.

Mombasa aliyoirudia ilikuwa katika mashaka. Reli ilikuwa imeufungua mji kwa wageni wa kila namna. Utumwa ulipigwa marufuku pwani mwaka 1907, na wenye mashamba waliotegemea jasho la wengine wakajikuta hawana kazi wanayoijua. Ardhi iliuzwa, na fedha zake nyingi zikateketea katika harusi na matanga. Wana wa kiume ndio walioachwa njia panda. Chuoni walijifunza kuisoma Kurani, mara nyingi pasipo kuifahamu maana yake. Na katika skuli ya serikali iliyofunguliwa kwa Waarabu mwaka 1912, wazazi waliogopa kwamba watoto wao wangepata kazi ya ukarani na kupoteza dini. Baadhi yao waliwazuia watoto wasiende. Kijana akabaki hana hili wala lile.

Sheikh Al-Amin hakukubali kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, jina lenye maana ya matengenezo. Aliandika kwa Kiswahili, ingawa Kiarabu ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya elimu, kwa kuwa alitaka kusomwa na baba wa kawaida wa Mji wa Kale. Aliwakemea wazazi waliotumia mali kwa fahari ya siku moja na kushindwa kumsomesha mtoto. Aliwaonya vijana walioiga mavazi na ulevi wa Wazungu, wakaacha kuiga bidii yao ya kazi na elimu. Wasichana pia hakuwasahau, kwani aliona kwamba mama asiyesoma hawezi kulea mwana aliyesoma. Makala yake ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Hakuishia kwenye wino. Alianzisha Madrasa ya Al-Ghazali mjini Mombasa, na akatunga vitabu vyepesi vya masomo ya dini kwa Kiswahili ili mtoto afahamu anachokisoma. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja naye kuwa Kadhi Mkuu. Sheikh Al-Amin mwenyewe alishika ukadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa aliokuwa nao hadi kufa kwake.

Ni haki kusema kwamba jicho lake lilielekea zaidi kwa Waislamu wa mjini, hasa Waarabu na Waswahili. Watoto wa waliokuwa watumwa, ambao hawakuwa hata na shamba la kuuza, hawakupata nafasi kubwa katika kalamu yake.

Alifariki mwaka 1947. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na umri wa miaka 14, naye akabaki yatima kama alivyokuwa babake. Mzee alitamani mwanawe akasome Al-Azhar na kuwa mwanachuoni wa dini. Njia ikageuka: kijana alifanya vibaya katika mtihani wa skuli, akafanya kazi ya ukarani mjini Mombasa, kisha akapata nafasi ya kusoma Uingereza. Profesa Ali Mazrui alipofariki mwaka 2014, alirudishwa kuzikwa Mombasa, karibu na Ngomeni, miongoni mwa wazee wake.

Baba na mwana, wote wawili walifiwa na wazazi mapema, na wote wawili walishikwa mkono na watu wengine. Tunapouliza leo mtoto wa kiume ameachwa wapi, yafaa tuulize pia ni nani kati yetu aliye tayari kufanya alivyofanya Sheikh Suleiman.