David Bruce, muganga aliyefuata homa mpaka kwa mbuzi

Kwetu Punia, mgongo ukiuma tunasema mara moja: ni juu ya shimo, ni mizigo ya kasiterite. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara.

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akakulia Scotland. Mwaka 1884 jeshi la Uingereza lilimtuma kisiwani Malta. Kule askari walilala na homa miezi mingi: inapanda, inashuka, inarudia, na jasho la usiku. Mwaka 1887 Bruce alikuta kijidudu ndani ya wengu wa askari waliokufa. Kilitoka wapi? Jibu lilichelewa miaka 18. Mwaka 1903 alikuja Uganda, akaonyesha kama mbung'o ndiye anapeleka ugonjwa wa usingizi. Mwaka 1905, katika tume yake ya Malta, daktari Themistocles Zammit alipima damu ya mbuzi wenye kuonekana wazima: walikuwa nacho, na kilipita katika maziwa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa yale, homa ikapungua sana.

Ugonjwa ukapewa jina la Bruce: bruselozi. Unaweza kuingia hata mifupa ya mgongo, ukafanana na TB ya mgongo. Basi, mgongo ukiuma pamoja na homa, tumwambie muganga kama tulikunywa maziwa mabichi ao tulizalisha mbuzi. Ndipo atajua kupima damu ya nini.

Bruce alikufa mwaka 1931, siku ya maziko ya mke wake Mary, aliyemsaidia katika labo miaka yote.