Killer Joe Piro: Mwalimu aliyewafungulia wageni mlango wa mambo

WANAOSAKATA salsa katika kumbi za burudani, iwe New York au Nairobi, aghalabu hufunzwa hatua kwanza kabla ya densi yenyewe kupamba moto. Miongoni mwa walioipa desturi hiyo umaarufu ni Frank Piro, mwalimu asiyekuwa mtu wa Cuba wala wa Puerto Rico.

Piro, aliyejulikana kama Killer Joe, alizaliwa mwaka wa 1921 jijini New York katika jamii yenye asili ya Italia. Alivuma kwanza kwa densi ya kasi iitwayo jitterbug, iliyomletea ushindi katika mashindano ya Harvest Moon Ball mapema miaka ya 1940. Jina la Killer, yaani muuaji, halikutokana na uhalifu wowote. Wasichana aliocheza nao walichoka hoi mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa bado ana hamu ya kuendelea.

Sifa yake kuu ilipatikana katika ukumbi wa Palladium, barabara ya Broadway. Biashara ilipodorora mwishoni mwa miaka ya 1940, wasimamizi waligeukia bendi za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez. Zilipiga mambo, mzazi wa salsa, jina ambalo wengi hulihusisha na Kikongo, lugha iliyo na undugu na Kiswahili. Weusi, Wapuerto Rico, Wayahudi na Waitaliano walikutana humo wakati ambapo kumbi nyingi za Marekani ziliwabagua watu kwa rangi.

Lakini kuingia si kucheza. Mgeni aliyezoea foxtrot alikanganywa na mdundo ambao kati ya mapigo manne mguu hukanyaga mara tatu na kutulia mara moja. Kila Jumatano Piro aliupanga umati kwa safu, akawaongoza wote kwa pamoja. Karani aliyetoka kazini jioni hiyo aliweza kuthubutu kuingia uwanjani usiku uo huo.

Walikuwapo waliolalamika kwamba mafunzo ya namna hiyo yaliilainisha mambo kupita kiasi. Lawama hiyo si ya bure. Uhondo wa mtindo wenyewe ulibuniwa na wachezaji, hasa Pedro Aguilar, aliyeitwa Cuban Pete ingawa alizaliwa Puerto Rico, na mwenziwe Millie Donay. Piro hakuwa mbunifu wa kiwango hicho. Hata hivyo, bila walimu kama yeye, wengi wangebaki watazamaji tu.

Palladium ilipokonywa leseni ya pombe mwaka wa 1961, ikafungwa 1966. Piro alikwisha kugeukia densi za disko, ikiwemo watusi, iliyopewa jina la Watutsi wa Afrika ya Kati, na kuwafunza matajiri na watu mashuhuri. Alifariki mwaka wa 1989.

Kufikia wakati huo mambo ilikuwa imerejea kwa jina la salsa, lililoenea miaka ya 1970. Eddie Torres, kijana wa asili ya Puerto Rico aliyejifunza kwa kuwatazama wachezaji kilabuni, alishawishiwa na mwalimu June LaBerta asome hesabu ya mapigo. Mtindo wake, ambao mchezaji hubadili mwelekeo kwenye pigo la pili, ndio ujulikanao kama salsa ya New York.