Dk Williamson: Mzungu wa Mwadui ambaye almasi yake ilivaliwa na Malkia kifuani

Ukitaja Mwadui, watu wengi wa Shinyanga watakutajia jina moja: Williamson. Mgodi unaitwa kwa jina lake, na almasi maarufu kuliko zote zilizowahi kutoka pale inaitwa hivyo hivyo. Lakini almasi hiyo haiko Shinyanga wala Dar es Salaam. Ilikwenda Uingereza na haijarudi.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Canada. Alisoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Ndiyo maana Mwadui alijulikana kama Daktari, ingawa hakuwa wa kutibu watu.

Baada ya masomo alikuja Afrika. Alianzia kusini, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, Mwanza.

Dhahabu kwa wengine, almasi kwake

Miaka hiyo ya 1930 waliokuja Kanda ya Ziwa kutafuta utajiri wengi walikuwa na dhahabu kichwani. Mgodi wa Geita ulikuwa umeshaanza kazi. Almasi ya Mabuki ilikuwa kidogo tu, na kampuni ilipochoka, Williamson aliendelea kivyake.

Hesabu yake ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kuifanya. Almasi hupandishwa juu kutoka chini sana ardhini na mwamba uitwao kimberlaiti, na mwamba huo huacha dalili zake kwenye udongo, yakiwemo mawe madogo mekundu ya ganeti. Ukifuata dalili hizo kwa uvumilivu, unaweza kufika kwenye chanzo.

Alihangaika miaka kadhaa, malaria ikimsumbua na mfuko ukiwa mtupu. Aliyemshika mkono ni I.C. Chopra, mwanasheria wa Kihindi aliyekuwa Mwanza. Chopra alitoa fedha na kusimamia mambo ya sheria, naye akapata hisa.

Machi 1940 jasho likalipa. Pale Mwadui, kwenye eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, Williamson alipata almasi. Simulizi iliyozoeleka inasema ilikuwa chini ya mbuyu. Chini ya ardhi hiyo kulikuwa na mwamba wa kimberlaiti wenye ukubwa wa hekta 146 hivi kwa juu, mmoja wa mikubwa kabisa kuwahi kuchimbwa duniani.

Mji wake, sheria zake

Kampuni ya Williamson Diamonds ilianzishwa mwaka 1942. Mwadui, sehemu iliyokuwa pori, ikageuka mji: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme, uwanja wa ndege, na uzio wa kulinda mali.

Williamson hakuoa. Hakupenda mikusanyiko wala waandishi wa habari. Lakini kwenye biashara hakuwa mtu wa kuchezewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligoma kuuza mawe yake kwa kundi la De Beers, lililokuwa likiongoza soko la almasi duniani, akayaweka ndani hadi wakaelewana. Wachimbaji wachache sana wa wakati ule waliweza kufanya hivyo.

Jiwe la waridi

Oktoba 1947 mgodi ulitoa jiwe ambalo halikufanana na mengine. Lilikuwa na rangi ya waridi, karati 54.5, yaani karibu gramu 11. Mwezi uliofuata binti wa mfalme, Elizabeth, alikuwa anaolewa London. Williamson akampa jiwe hilo kama zawadi ya harusi.

Lilikatwa na kung'arishwa London, likabaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ambao Elizabeth alitawazwa rasmi, kampuni ya Cartier ililiweka katikati ya bruchi, pambo la kubana kwenye nguo kifuani, lenye umbo la ua na petali za almasi nyeupe. Malkia alilivaa miaka mingi, ikiwemo siku ya harusi ya mwanawe Charles na Diana mwaka 1981.

Hapa ndipo penye swali zito. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiisimamia. Jiwe lilitoka ardhi ya Usukuma, likachimbwa kwa nguvu za vibarua wa hapa, lakini kisheria lilikuwa mali ya mtu binafsi. Alimpa aliyemtaka, na hapakuwa na Mtanganyika wa kuulizwa.

Linganisha na Marekani ya leo. Rais wa kule akipewa zawadi kubwa na nchi ya nje, siyo yake. Ni ya taifa. Akiitaka lazima ainunue kwa bei ya soko. Zawadi hizo hutunzwa na taifa, na nyingi huishia kwenye majumba ya kumbukumbu ya marais, pamoja na madawati na viti vyao, ambako mwananchi hulipa kiingilio na kuziona. Mtoto wa Kishapu anayetaka kuona jiwe la kwao hana pa kwenda.

Alipoondoka

Williamson alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Hakuacha mke wala mtoto. Ndugu zake walirithi, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa takriban pauni milioni 4. De Beers ilichukua nusu na Serikali ya Tanganyika nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitaifishwa, kisha miaka ya 1990 De Beers ikarudi.

Ardhi yenyewe haijaishiwa. Mwaka 2021 jiwe lingine la waridi kutoka Mwadui, la karati 32, liliuzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Likakatwa, likapewa jina la Williamson Pink Star, na Oktoba 2022, mwezi mmoja tu baada ya Malkia Elizabeth kufariki, likapigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Lilikuwa limebaki karati 11 na ushee.

Tofauti ya bei hizo mbili, zaidi ya dola milioni 43, ilipatikana baada ya jiwe kuondoka Shinyanga. Tangu zawadi ya 1947 imepita zaidi ya miaka 75, na njia bado ni ileile: jiwe linatoka Mwadui likiwa ghafi, thamani na sifa vinapatikana ng'ambo. Kilichobaki nyumbani ni shimo kubwa, na jina la Mzungu aliyelianzisha.